Damu Yetu Imetoka Wapi?

Leo ni ugonjwa wa sikoseli, ila nitazunguka kidogo, mnivumilie.

Siku moja kliniki alikuja mama kijana na mtoto aliyevimba vidole, amelia usiku kucha. Kipimo kikaonyesha sikoseli. Mkwewe akaniambia, "Sista, maradhi haya kayaleta yeye. Sisi ni Washirazi, damu yetu yatoka Uajemi." Mama wa mtoto akainamisha kichwa. Alikuwa ameshaambiwa arudi kwao.

Yule bibi hakukosea yote. Habari za Kilwa zilizoandikwa karne ya 16 zinataja wafalme waliotoka Shirazi, na wataalamu wengi walisema ni hadithi tu. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu, walitoa matokeo ya vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Kwetu Kwale hawakuchimba. Walikuta kwamba tangu mwaka 1000 hivi wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Wamejuaje? Kuna urithi ambao mtu huupata kwa mamake pekee, na huo karibu wote ulikuwa wa Afrika. Ule ambao mwana wa kiume huupata kwa babake, mwingi ulikuwa wa Asia.

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hata Mshirazi ana nyanya Mwafrika. Na sikoseli iko Afrika, iko Uarabuni na Bara Hindi pia, kule kulikokuwa na malaria."

Mtoto huugua akipokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mzazi mwenye nusu moja kwa kawaida haumwi, tena hukingwa kiasi na malaria kali. Wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Wanaopanga ndoa, ombeni kipimo mapema.

Baba wa mtoto alikuja kupimwa wiki ya pili, jioni, foleni imekwisha. Alikuwa nayo. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza dawa za mjukuu zinatolewa siku gani. Nikamweleza: penisilini, asidi ya foliki, chandarua kila usiku, maji mengi, na homa ikipanda hospitali siku hiyo hiyo.