Daftari Lililo Wazi: Imani, Huduma na Utoaji katika Milima ya Upare



Sisi Wapare tumekulia katika utani. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na kwamba mkono wetu ni mzito kufunguka. Tumezoea kucheka na kupita. Leo naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu mtu anayetaka habari ya kuku mmoja ielezwe mbele ya wazee, ijulikane nani alitwaa na kwa haki gani, ana kitu ambacho Kanisa linakihitaji. Hoja yangu ni hii: utoaji wa Kikristo ulishika mizizi katika milima hii kwa kuwa ulikuta watu waliozoea kutoa huku wakihesabiana, na utanyauka mahali popote ambapo viongozi wataomba sadaka lakini wasipende kuulizwa.

Nianze na maji, maana Upare mambo mengi huanzia hapo. Hapa Same mjini tunaishi katika nchi kavu. Mawingu yanamwaga mvua yake juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, na tambarare yetu inabaki na mkonge, mibuyu na vumbi. Vijito vinavyoshuka ni vidogo. Ukikifungulia kijito cha namna hiyo mchana kiende shambani, maji yatanywewa na mfereji kabla hayajafika kwenye mahindi. Ndiyo maana wazee wetu walichimba ndiva, yale mabwawa ya udongo na mawe yanayokusanya maji usiku kucha. Asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu ya pamoja, nayo yanafika.

Ndiva haijengwi na mtu mmoja wala haitunzwi na mtu mmoja. Tope hujaa, ukingo hubomoka, mfereji huziba. Unaitishwa msaragambo, na kila kaya inayokunywa maji hayo inatoa mtu mwenye jembe au sepeto. Asiyefika anaulizwa. Akirudia, anatozwa faini au anakosa zamu yake ya maji. Kamati inajua nani alikuja, nani alituma mtoto mdogo ili aonekane ametimiza, nani ni mjane mgonjwa wa kuachwa apumzike. Hakuna anayeona hesabu hiyo kuwa ni ukosefu wa upendo. Bila hiyo, mwenye bidii angechoka na mvivu angemwagilia.

Halafu kuna suala la juu na chini. Kati ya Vudee iliyo mlimani na Bangalala iliyo chini yake yamekuwepo kwa muda mrefu makubaliano ya kugawana saa za mchana na za usiku, ili wa juu wamwagilie na wa chini nao wapate maji ya kujaza ndiva zao. Mfikirie mkulima wa juu, zamu yake imekwisha, mahindi yake bado yanakunja majani. Hakuna askari aliyesimama kwenye banio. Anayesubiri maji kule chini hamwoni, pengine hata jina lake halijui. Anafunga banio lake na kuyaacha maji yapite. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kumtumainia Mungu, na mengi yalinijenga, lakini nikitaka kumweleza kijana maana ya kutumaini, nitampeleka kwenye banio hilo. Yule mkulima ameamini kwamba atatosheka na sehemu yake, ameamini kwamba kesho wenzake watamtendea vivyo hivyo, na utoaji wake ni kutochukua kilicho cha mwingine. Kwa maneno ya kanisani: tumaini, huduma na sadaka vimekutana katika tendo moja, wala hakuna aliyempigia makofi.

Injili ilifika kwa watu wa namna hiyo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Mwaka 1903 Waadventista wa Kijerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare Kusini na kuanzisha kituo walichokiita Friedenstal, Bonde la Amani; ndiyo chimbuko la Uadventista katika nchi yetu yote. Wakatoliki nao walijenga, na Same ikawa jimbo kamili mwaka 1977, miaka miwili baada ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuzaliwa mwaka 1975. Historia hizo zimeandikwa mahali pengine na sitazirudia. Ninalotaka tulitazame ni lile pengo la miaka ya vita ya kwanza ya dunia.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Upare. Katika miaka iliyofuata wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na msaada kutoka Ujerumani ukakatika. Ungetegemea kwamba dini iliyokuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu ingekauka. Haikukauka. Walimu Wapare, vijana waliojua kusoma na kufundisha katekisimu, waliendelea kukusanya watoto na kuongoza ibada, bila ulinzi wa Mzungu wala uhakika wa mshahara. Mwalimu wa aina hiyo aliishi vipi? Aliishi kwa shamba lake na kwa jirani zake. Kanisa la Upare, kwa maoni yangu, lilizaliwa mara ya pili katika miaka hiyo, na wakunga wake walikuwa watu walioleta ndizi na maharage kwa mwalimu waliyemwona kila siku akifanya kazi. Walimwamini kwa sababu huduma yake ilikuwa mbele ya macho yao. Mpangilio huo naomba tuushike: huduma ilitangulia, imani ya watu kwake ikafuata, na utoaji ukaja nyuma ya hivyo viwili. Siku hizi mara nyingi tunaugeuza. Tunaanza na bahasha.

Kuna tukio jingine la hapa hapa Same ambalo halimo katika vitabu vya ibada, nami nadhani lingestahili kufundishwa katika vyuo vya biblia. Serikali ya kikoloni, wakati wa vita ya pili ya dunia, ilileta kodi mpya iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaipa jina la ushuru wa zamani wa watawala wetu: mbiru. Wakadiriaji walipita wakiangalia ng'ombe na mashamba, na kila mtu akaandikiwa kiwango chake. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakapiga kambi hapa, makao makuu ya wilaya. Viongozi wao, akiwemo Paulo Mashambo, waliadhibiwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka. Kufikia 1947 kodi ile ilikuwa imeachwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1971, na anayekisoma ataona kwamba Wapare wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa kwa kipimo wasichokielewa, na watu wasioweza kuwauliza. Babu zetu wengi waliokaa katika kambi ile walikuwa Wakristo na Waislamu waliokuwa wakitoa sadaka na zaka zao bila kusukumwa. Mtu huyo huyo aliyemwaga jasho kwenye msaragambo aligoma mbele ya mkadiriaji, na mara zote mbili alikuwa mwaminifu.

Maandiko yenyewe yako upande wake. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa makanisa ya mataifa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba mwenyewe kimya kimya. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu kuhusu kipawa hicho kikubwa. Mtume aliyepigwa mawe kwa ajili ya Kristo anajali fedha ionekane safi hata mbele ya wanadamu. Katika Matendo, sura ya 6, Wayahudi wa lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea kwamba hawana imani. Waliita mkutano, watu saba wakachaguliwa, kazi ikaendelea. Manung'uniko kwa ajili ya wajane ndiyo yaliyotupatia ushemasi.

Nizungumze sasa juu ya mnada, maana nisipousema nitakuwa nimeikwepa Jumapili yetu. Ibada ikiisha, watu wanatoka nje, na vilivyoletwa madhabahuni vinanadiwa: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, miwa, debe la mahindi. Bibi asiye na shilingi ameleta mayai matano. Karani wa halmashauri anayanunua kwa bei ya trei nzima. Mwingine ananunua jogoo na kumkabidhi mzee wa kanisa aliye mgonjwa. Naupenda mnada huu kuliko njia nyingine yoyote ya kukusanya fedha, kwa sababu unakiri kwamba jasho la shambani ni sadaka kamili hata kabla halijawa noti. Kila mtu anasikia bei, kila mtu anajua jumla. Lakini nimeona pia unavyoweza kuharibika. Mnadi anaanza kuwataja wenye magari kwa majina, bei zinapanda kwa ajili ya sifa, na bibi wa mayai anasogea pembeni kwa aibu. Mjane wa hekaluni, yule wa senti mbili, hakutangazwa na mnadi. Aliyemwona alikuwa ameketi akitazama.

Mabaya zaidi ni mafundisho yanayowaambia maskini wapande mbegu ya fedha ili Mungu awarudishie mara mia, na asiyerudishiwa anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anajua kwamba bei huanguka hata kwa aliyetoa zaka. Mafundisho hayo yanamchukulia Mungu kama mdeni, na yanamwachia mwanadamu mmoja daftari ambalo hakuna mwingine anayelifungua. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu wanaoumizwa ni wale wale ambao baba zao walijenga makanisa yetu kwa kubeba mawe begani.

Na kumtumainia Mungu kuna upande ambao hauna malipo hata kidogo. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha Mamba Miamba, mlima ukaporomoka Goha, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Walikuwemo waombaji. Siwezi kusimama mbele ya ndugu zao na kusema kwamba imani huzuia udongo. Ninaloweza kusema ni kwamba tumaini la Kikristo halikuwahi kuahidi mlima usiotikisika. Liliahidi Mungu asiyewaacha watu wake, na katika siku za msiba ahadi hiyo ina sura ya jirani. Upare jirani huyo huja na sepeto, na mama huja na sufuria ya makande. Katika koo zetu Mwislamu na Mkristo hulala nyumba moja, na kaburi huchimbwa na wote. Mkristo wa milima hii anayetaka kuhesabu huduma ya kanisa lake bila kuhesabu mikono ya Waislamu waliomsaidia kuzika, hesabu yake ina kasoro.

Mtaniuliza: je, mambo haya yote ya kuhesabu hayapingani na agizo la Bwana kwamba mkono wa kushoto usijue afanyalo wa kulia? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Bwana alikuwa akimwonya mtoaji anayepiga baragumu. Siri aliyoiagiza ni ya mtoaji; hakumpa mpokeaji wa fedha za wengine ruhusa ya kuficha. Jina la aliyetoa lifichwe kadiri iwezekanavyo, matumizi yawekwe wazi kadiri iwezekanavyo. Sisi tumefanya kinyume: tunasoma majina na viwango kwenye kipaza sauti, na taarifa ya matumizi tunaifungia kabatini.

Kwa hiyo nina maombi machache kwa makanisa ya hapa. Siku ile ile sadaka inapotangazwa, isomwe pia ya mwezi uliopita ilikwenda wapi, kwa shilingi, kwa lugha ambayo bibi wa mayai ataelewa. Kamati ya fedha ya usharika, ya parokia au ya kanisa la mtaa iwe na mtu asiye na cheo, aliyechaguliwa na waumini kwa mkono, kama kamati ya ndiva inavyochaguliwa. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam na Arusha, mnaorudi Desemba na michango ya paa na kengele, msichoke kuuliza kama bati mlilonunua mwaka jana limefika juu. Wala mchungaji asilipokee swali hilo kama tusi.

La mwisho linahusu kazi ya mikono. Vijana wengi wa Same hawana ahadi ya kuandika kwenye bahasha, na kwa sababu hiyo wamejihesabu kuwa nje ya utoaji. Hospitali ya Kilutheri ya Gonja ina wagonjwa wanaohitaji kutembelewa na kufuliwa nguo. Mifereji ya Bangalala inaziba kila baada ya mvua. Wazee wanaoishi peke yao Suji na Mbaga wanahitaji kuni. Napendekeza siku ya msaragambo iandikwe katika daftari la kanisa pamoja na fedha, kwa tarehe na kwa kazi iliyofanyika, na isomwe mbele ya watu kwa heshima ile ile. Baadhi ya wachungaji wameniambia kwamba jasho halilipi bili ya umeme. Ni kweli. Lakini kijana aliyezibua mfereji kwa jina la Kristo akiwa na miaka 19 ndiye atakayeleta zaka akiwa na 35, na ataileta akijua kabisa anamkabidhi nani. Mwaka huu, kabla ya vuli, ningependa sharika mbili au tatu zijaribu, na mwakani tukutane tena hapa zitueleze wangapi walifika.