Gari Lililoinuliwa

Leo twapenda kunena nanyi juu ya gari la kuvuta kwa magurudumu manne, na hasa lile lililoinuliwa ili lipite mahali ambapo magari mengine hukwama. Makanisa mengi yana gari la namna hiyo, na zahanati nyingi pia. Hubeba wagonjwa, akina mama waliokaribia kujifungua, wahubiri, dawa na magunia ya mahindi. Alishikaye usukani amekabidhiwa maisha ya watu, na ndiyo sababu twasema.

Mwenye kuinua gari lake huwa na sababu njema. Katika laga za kaskazini na katika tope la masika, mawe na magogo hugonga tumbo la gari. Basi fundi huongeza majani ya springi, au hubadilisha vile vipande vinavyoning'iniza springi aweke virefu zaidi, na gari husimama inchi 2 au 3 juu ya hapo awali. Mwenyewe hufurahi. Lakini siku anapofika kwenye lami, mwendo ukikaribia kilomita 80 kwa saa, sakafu yaanza kuvuma, viti vyatetemeka, na kioo cha kutazamia nyuma hakionyeshi kitu sawasawa. Wako wanaokaza bolti moja wakaendelea na safari. Wako wanaoongeza sauti ya redio.

Je, mtetemo huo watoka wapi? Chini ya gari kuna propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka kwenye difu. Giaboksi imefungwa kwenye chesisi, bali difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Kwa hiyo kila mwisho wa shafti una jointi ya msalaba, ili iweze kupinda huku inazunguka. Jointi ya aina hii si jambo jipya. Robert Hooke wa Uingereza aliieleza katika karne ya 17, magari yalipokuwa hayajakuwako.

Jointi hiyo ina tabia moja. Ikipinda, haipeleki mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja yaharakisha mara mbili na kupungua mara mbili. Pembe ikiwa digrii 10, tofauti ni kama moja na nusu kwa mia. Pembe ikifika digrii 20, tofauti ni kama sita kwa mia. Mwaona, ndugu, pembe imeongezeka mara mbili tu, lakini taabu imeongezeka mara nne. Tena shafti haizunguki polepole. Katika Land Rover ya zamani, ile Series III, gurudumu likizunguka mara moja shafti huzunguka mara 4.7. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hiyo ni kama mara 2,500 kila dakika.

Basi mbona gari halikutetemeka kabla ya kuinuliwa? Ni kwa sababu jointi ni mbili. Ile ya nyuma huondoa kosa la ile ya mbele, mradi zote mbili zimepinda kwa kadiri moja. Uso wa giaboksi pale shafti inapofungwa, na uso wa difu, sharti viwe sambamba. Fundi alipoinua gari, pua ya difu iligeuka ikatazama kwingine. Jointi moja sasa imepinda sana na nyingine kidogo, wala haziwezi tena kusaidiana. Hakuna kilichovunjika, ni mapatano yaliyopotea.

Tufanye nini basi? Kwanza tuhakikishe adui ni nani. Gari likiwa kwenye mwendo ule wa kutetemeka, mahali salama na penye tambarare, weka giya huru uache lijiendee. Mtetemo ukiendelea, si injini. Ukiwa wa polepole na wasikika mikononi kwenye usukani, tazama magurudumu kwanza. Ukiwa wa haraka, kama mvumo unaotoka sakafuni na kitini, itazame shafti.

Pili, kabla ya kuingia chini ya gari, weka mawe imara mbele na nyuma ya magurudumu. Twasisitiza jambo hili. Katika Land Rover hizo za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika shafti penye giaboksi. Ukifungua shafti ya nyuma, breki ya mkono haizuii tena magurudumu ya nyuma, na gari laweza kukupitia juu.

Tatu, shika shafti uitikise. Jointi ikicheza, ibadilishwe. Futa tope lililoganda, uone kama kuna kipande kidogo cha uzito kilichobanduka. Kisha tazama panda mbili za shafti, mbele na nyuma. Sharti zilale mstari mmoja. Mara nyingi shafti huvutwa ikagawanyika ili ipakwe grisi, kisha hurudishwa ikiwa imeruka meno. Fundi mwenye busara hutia alama kabla ya kufungua.

Nne, pima. Gari lisimame tambarare juu ya magurudumu yake, lisiwe limenyanyuliwa kwa jeki. Pima pembe ya uso wa giaboksi, kisha pembe ya uso wa difu. Kwa shafti yenye jointi moja kila mwisho, tofauti isizidi digrii 1. Ikizidi, gari la springi za majani hutengenezwa kwa kabari za chuma, zinazowekwa kati ya springi na ekseli ili pua ya difu igeuke irudi mahali pake. Bolti zikazwe, na baada ya safari fupi zikazwe tena. Na kama gari limeinuliwa mno hata kabari hazitoshi, ni afadhali kulishusha kidogo.

Wasikilizaji wapenzi, jointi ikipuuzwa hulegea, na iliyolegea hukatika. Shafti ikikatika upande wa mbele yaweza kuanguka na kuchoma barabara, au kupiga mabomba ya breki. Na ikiwa ni mlimani, dereva akavuta breki ya mkono, atakuta haina kitu cha kushika, naye mgonjwa amelala nyuma. Kuomba kabla ya safari ni vyema, nasi twaomba. Lakini kuomba ulinzi huku twajua jointi inacheza, na fundi yuko karibu, ni kumtwisha Mungu kazi aliyotupa sisi.

Tena twajifunza neno moja. Tukipandisha kitu kimoja, tukague vyote vilivyoungana nacho. Mtu akipewa cheo, au nyumba ikipata mali, au usharika ukianza kazi kubwa, mtetemo ukitokea tusikimbilie kumlaumu aliye dhaifu. Huenda hana kosa. Huenda amepindishwa kuliko mwenzake, na dawa ni kugawana mpindo huo sawasawa.

Basi wewe uliye na gari la namna hiyo, kesho asubuhi, kabla hujapakia mtu, chukua mawe yako na tochi, uiname chini yake ukatazame. Mungu awalinde njiani. Kwaherini.