Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kuchagua Matairi ya Tela

Somo letu la leo ni habari za matairi ya tela. Aliye na kalamu na karatasi aviweke karibu, maana tutafanya hesabu kidogo.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, tairi si tairi tu? Kwa nini tela liwe na somo lake?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo msingi wa mazungumzo yetu.

Pale Nkome, mwaloni, sangara na dagaa hutoka ziwani wakapelekwa sokoni kwa gari. Gari moja halitoshi, basi mwenye gari hufunga tela nyuma. Wengine hutumia tela kubebea mashua na injini yake, wengine kuvuta pamba au mpunga. Sasa tazama desturi iliyozoeleka. Gari likinunuliwa matairi mapya, yale ya zamani huhamishiwa kwenye tela. Husemwa kwamba tela halina injini, halina usukani, wala halina abiria, kwa hiyo tairi lolote litalifaa. Hivyo tela huwa mrithi wa matairi yaliyochoka.

Desturi hiyo ina hatari, nami nitataja sababu tatu. Kwanza, tela hubeba mzigo mzito, na mara nyingi mzigo huo wote hukaa juu ya magurudumu mawili tu. Pili, dereva aliye mbele hahisi tairi la tela linapopungua upepo. Tairi la gari likiwa na pancha, usukani humwambia. La tela huendelea kuburutwa huku likipata moto, mpaka lipasuke. Tatu, tela likipoteza tairi moja huyumba, na likiyumba huweza kulivuta gari likatoka njiani. Na njia zetu, ndugu zangu, si za magari peke yake. Pembeni wamo watoto wanaokwenda shule, wamo kina mama wenye ndoo kichwani, wamo watu wa baiskeli na bodaboda. Tairi bovu la tela si hasara ya mwenye tela tu.

Basi tairi jema tutalijuaje? Nitawapa mambo matano ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni uwezo wa kubeba. Kila tairi limeandikwa ubavuni, na maandishi hayo si mapambo. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 195 R 14 C, kisha 106/104 na herufi Q. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, yaani zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Matairi ya namna hiyo huitwa radial. Namba 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Herufi C ni alama ya tairi la mizigo. Herufi Q ni ya mwendo, na maana yake ni kwamba tairi lisizidishe kilomita 160 kwa saa. Sisi hatuna haja ya kufika huko kabisa.

Namba iliyo kubwa kwa faida yetu ni ile 106/104. Si kilo, bali ni namba ya orodha inayotumika duniani kote. Namba 91 ni kilo 615. Namba 100 ni kilo 800. Namba 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, na 108 ni kilo 1,000. Zikiandikwa mbili, ya kwanza ni kwa tairi linalokaa peke yake, na ya pili ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili upande mmoja.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme tela letu likiwa tupu lina kilo 450. Tumepakia makasha 10 ya sangara na barafu, kila moja kilo 100, jumla kilo 1,000. Kamba, turubai na tairi la akiba ni kilo 50. Yote pamoja ni kilo 1,500. Gawanya kwa magurudumu mawili, kila moja hubeba kilo 750. Lakini mzigo haukai sawasawa daima, na gurudumu likiingia shimoni hupata kishindo. Kwa hiyo tuongeze moja ya tano, yaani kilo 150. Tunapata kilo 900. Basi tela hili lataka tairi la namba 104 au zaidi.

Je, tukilivika tairi la gari dogo lenye namba 91? Uwezo wake ni kilo 615. Mawili ni kilo 1,230. Tela lina kilo 1,500. Tumepungukiwa kilo 270 kabla hata ya kufika kwenye shimo la kwanza! Tairi hilo laweza kuwa zuri kwa macho, na laweza kuwa jipya, lakini si la kazi hii.

Jambo la pili ni umri. Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua huukausha, nao hupasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Tela huzeesha matairi kwa namna yake, maana husimama siku nyingi bila kazi. Kwa hiyo tairi la tela laweza kuwa na mifereji mirefu kama jipya, kumbe ndani limekwisha kufa.

Umri nao umeandikwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka mwisho. Hapo utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lenye 3522 lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2022. Mara nyingi tarakimu hizo ziko ubavu mmoja tu; usipoziona, mwambie muuzaji aligeuze tairi. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, lirudishe mara moja, kwa sababu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Watengenezaji wengi husema tairi likifika miaka 10 liondolewe hata kama halijaisha. Kwa tela, tangu mwaka wa tano likaguliwe kwa shaka.

Jambo la tatu ni hila za sokoni. Zamani nchi yetu ilitengeneza matairi yake Arusha, katika kiwanda cha General Tyre, lakini kiwanda hicho kilisimamisha kazi kabla ya mwaka 2010. Leo matairi yanayouzwa madukani hutoka nchi nyingi, na mengine ni mitumba. Si kila tairi la mtumba ni baya, lakini lakaguliwe kama mtu anunuavyo ng'ombe: mguse, mgeuze, mtazame meno. Lipo tairi kipara lililochongwa mifereji upya kwa kisu. Utalitambuaje? Chini ya mifereji ya tairi la kweli pana vinundu vidogo, vilivyowekwa kiwandani kuonyesha kwamba mpira ukifika hapo umebaki milimita 1.6 tu, nalo halifai tena. Tairi la kuchongwa halina vinundu hivyo, na pengine utaona hata nyuzi. Lipo pia lililopakwa rangi nyeusi likang'aa. Likunje kidogo kwa mikono ubavuni; nyufa zitajionyesha zenyewe. Ukiona uvimbe kama jipu, acha. Maana yake nyuzi za ndani zimekatika.

Jambo la nne ni ulinganifu. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya kipimo kimoja, ya namna moja, na yenye kulika sawa. Usifunge la radial upande huu na la nyuzi za kukingamana upande ule, kwa maana huviringika kwa tabia mbili tofauti, na tela litayumba. Rimu nayo iangaliwe. Iliyopinda au kuliwa na kutu haifai kuvikwa tairi jipya. Na tairi la akiba liwe na nguvu sawa na mengine, si gofu la kufunika aibu.

Jambo la tano ni upepo. Katika miaka ya 1880, huko Belfast, John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe magurudumu ya mpira yenye upepo ndani kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Tangu hapo watu wamejifunza kwamba kinachobeba mzigo hasa ni upepo. Mpira ni mfuko wake. Zile kilo 950 tulizozisoma ni kweli pale tu tairi linapokuwa na upepo ulioandikwa ubavuni. Upepo ukipungua, ubavu hukunjuka na kujikunja kila mzunguko, ukunjaji huleta joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi. Ndiyo sababu tairi hupasuka mchana, njiani, mzigo ukiwa umejaa. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Wala usipunguze upepo kwa kuwa tairi lina moto. Likipoa utakuwa umeliacha na upungufu.

Niseme neno kwa wenye tela za mashua. Mnaposhusha tela majini, maji huingia kwenye beringi za magurudumu. Girisi ikichafuka, beringi hupata moto, na moto huo huifikia rimu na tairi. Badilisheni girisi mara kwa mara. Tela likisimama muda mrefu, liwekwe kivulini, magurudumu yakanyage mbao, na uzito upunguzwe kwa kuweka gogo chini ya ekseli. Na tairi jipya likifungwa, kazeni nati tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu, haya yote ni kweli, lakini fedha hakuna." Nami sikatai. Tairi jipya la mizigo ni ghali, na mvuvi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini hesabu iwe kamili. Tairi la nusu bei likipasuka kati ya Nkome na Geita, ongeza bei ya samaki walioharibika barafu ikiyeyuka, bei ya gari la kuhamishia mzigo, na bei ya tairi lingine utakalonunua kwa haraka bila kuchagua. Rahisi imekuwa ghali. Na hapo hatujamtaja mtu aliyeumia, ambaye hana bei. Kama fedha ni kidogo, kikundi kichange kidogo kidogo kila safari. Na mpaka zitakapotimia, punguzeni mzigo. Makasha 6 yakifika sokoni ni bora kuliko 10 yaliyomwagika njiani.

Sasa haya ni maswali ya kuzungumza katika kikundi baada ya matangazo haya:

1. Tela la kikundi chenu, au la jirani, lina uzito gani likiwa limejaa? Kila tairi labeba kilo ngapi?
2. Nendeni mkasome ubavu wa matairi yake. Namba ya mzigo ni ipi? Tarakimu nne za DOT zasemaje?
3. Nani kati yenu ana kipimo cha upepo? Kama hakuna, mtakipataje, na nani atakitunza?
4. Ikiwa matairi hayatoshi, je, mtapunguza mzigo au mtachanga? Amueni leo, mwandike uamuzi wenu.

Ndugu zangu, mwenye kusoma na afanye kazi ya kuwasomea wengine ubavu wa tairi. Hiyo nayo ni elimu.