Magavana wawili, mkoa mmoja

Malori yanayopumzika Makambako kabla ya kupita Wanging'ombe kuelekea Tunduma, mengi yana mizigo ya Kongo. Vita vya huko vinatuhusu.

Waasi wa M23 waliiteka Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini, Januari 2025, wakaweka gavana wao na kutoza kodi. Serikali ya Kinshasa nayo ina gavana wake wa Kivu Kaskazini, ofisi yake ikiwa Beni. Mwananchi amtii yupi? Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege pia.

Februari 8 mwaka huo, viongozi wa EAC na SADC walitaka, wakiwa Dar es Salaam, mapigano yasimame. Siku chache baadaye mji wa Bukavu nao ukatekwa na M23. Tamko la Doha kati ya Kinshasa na M23, la Julai 19, naliunga mkono. Lakini wapatanishi watangulize benki: mama muuza samaki anadai akiba yake sasa, vyeo vigawanywe baadaye.