Stima Ikipotea, Jirani Asigeuke Adui

(Maneno haya yalisemwa katika kikao cha akina mama, vijana na wazee wa vijiji hapa Merti. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Nimeombwa niseme juu ya giza. Sitasema giza la moyoni, hilo lina wenyewe wa kulisema. Nasema giza hili la stima kupotea.

Kenya nzima inalijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale kituo cha Gitaru, nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe akapona. Tarehe 25 Agosti 2023 ikapotea tena, hata abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakakaa gizani. Lakini sisi hadithi yetu ni nyingine. Stima ilifika Merti kwa jenereta za dizeli zilizowekwa hapa hapa, mbali na laini kuu. Dizeli huja kwa lori, na lori huja kwa barabara ya udongo. Mvua ikipiga kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, au ile ya mwisho wa 2023, Ewaso Nyiro hufura na barabara hukatika. Basi mtu wa hapa asiulize kama stima itapotea. Aulize, itanikuta vipi?

Mimi kwanza niungame. Nilinunua sola na betri moja kubwa, nikajiona nimemaliza. Stima ikipotea, majirani walikuja na simu zao. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nikaanza kunung'unika. Siku ya nne betri ilizimika saa tatu usiku, nikasema, "Hawa watu wamenimaliza." Kesho yake jirani mmoja akabisha hodi na simu yake, nikamjibu kupitia dirishani kwamba betri imeisha. Haikuwa imeisha. Nilikuwa natazama mpira.

Usiku ule mke wake alishikwa na uchungu. Simu ilikuwa imezima, hakuweza kumwita mtu wa pikipiki. Alikimbia kwa miguu gizani kutafuta msaada, akimwacha mama na watoto. Mungu alisaidia, mtoto akazaliwa salama. Lakini asubuhi nilipokwenda kuwapa pole na hongera, yule baba alinikaribisha chai, hakusema neno. Chai ile ilikuwa chungu kuliko matusi.

Baadaye nilimwita fundi aikague betri. Akanifanyia hesabu, nami nawapa ninyi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina kama wati-saa 1,200. Ukiitumia mpaka iishe kabisa itakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu tu, yaani 600. Simu moja hula kama 15. Simu kumi ni 150. Taa tatu za wati 5, zikiwaka saa tano, ni 75. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Mmeona? Televisheni yangu ilikula kuliko simu za majirani kumi. Nilikuwa namlaumu mgeni, kumbe mwizi yuko sebuleni kwangu.

Sasa tujiandae namna gani? Nitasema manne.

Kwanza, maji. Pampu ya stima ikisimama, mfereji hukauka. Jerikeni zijazwe wakati maji yanatoka, zifunikwe, ziwekwe mbali na watoto.

Pili, mwanga. Kila nyumba iwe na tochi moja, na kila mtu ajue inakaa wapi, hata mtoto. Koroboi isiachwe ikiwaka watu wamelala. Mafuta taa yasichanganywe na petroli, hata tone, maana hulipuka. Mwenye jenereta ndogo aiweke nje, mbali na dirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini.

Tatu, sola. Vumbi letu mnalijua. Futa paneli asubuhi kabla haijapata moto. Betri ya kuongezwa maji isipewe maji ya mto wala ya kisima, bali maji ya betri yanayouzwa dukani.

Nne, chakula na dawa. Wazee wetu hawakuwa na friji na hawakufa njaa. Walikausha nyama wakaikaanga kwa mafuta, ndiyo nyirinyiri. Walifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi. Ujuzi huo usipotee. Friji ikizimika, usiifungue ovyo, maana ikifungwa hushika baridi kwa kama saa nne. Mwenye kutumia insulini aiweke ndani ya mtungi wa udongo uliozungushiwa kitambaa chenye maji, kivulini, dawa yenyewe isiloe. Na aulize zahanati mapema, asingoje giza.

Haya, tuje kwa jirani ambaye hakujiandaa.

Wakristo mnaujua mfano wa wanawali kumi. Watano wenye busara hawakuwagawia wenzao mafuta, na wengine wetu hupenda kukimbilia hapo. Lakini angalieni sababu yao: mafuta hayangetosha pande zote mbili. Na mjane wa Sarepta, aliyempokea nabii Eliya, aligawa unga wake wa mwisho. Ndugu zetu Waislamu nao wana sura ya 107, Al-Maun, inayomwonya mtu anayewanyima wenzake vitu vidogo vya msaada. Basi kabla ya kusema "haitoshi", fanya hesabu. Mimi nilisema haitoshi na sikuwa nimehesabu.

Majirani ni wa namna mbili. Yuko asiyeweza: mama mjane, mgonjwa, mzee anayeishi peke yake. Huyu usingoje aombe. Mpelekee taa kabla jua halijazama. Yuko pia anayeweza lakini hataki. Pesa ya tochi aliitafuna miraa. Huyu naye msaidie usiku huo, maana watoto wake hawakutafuna chochote. Lakini asubuhi kaa naye, mwambie wazi, "Ndugu yangu, mara nyingine uje na tochi yako." Usiku ni wa kusaidia, asubuhi ni ya kuonya. Ukichanganya hayo mawili utampoteza jirani, na tochi hatanunua.

Na ukikataa, kataa kwa ukweli. Sema, "Leo imebaki ya mgonjwa tu." Mtu huelewa. Uongo wa dirishani ndio hausahauliki.

Sisi watu wa hapa hatukosi mfano. Kisimani nani anakuja na ng'ombe wake na kusukumana? Aba herega anapanga zamu, na mwenye ng'ombe wengi anangoja kama mwenye wachache. Wazee wa dedha hutenga malisho ya kiangazi mapema, wakati nyasi bado ni kijani, si wakati mifugo inaanguka. Mtu akipoteza mifugo, ukoo unakaa, unamchangia kwa busa gonofa. Ikiwa tunajua kupanga maji na nyasi, stima inatushinda nini?

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Kila nyumba kumi zikae pamoja kabla ya mvua ijayo. Mjue nani ana sola, nani ana mjamzito, nani ana mgonjwa wa dawa za baridi, nani ana pikipiki. Mpange zamu: mgonjwa na mjamzito kwanza, halafu simu moja kwa kila nyumba, maana simu siku hizi ndiyo mfuko wa pesa, na televisheni iwe ya mwisho. Wanaotumia betri ya mwenzao wachange kidogo kila mwezi, siku ya kununua mpya asibaki peke yake.

Mtoto yule aliyezaliwa gizani sasa anakimbia. Huja kwangu bila hodi, huvuta nyaya za sola yangu. Namkataza, halafu nacheka, kwa sababu najua nina deni kwake. Wazee walisema akiba haiozi. Nami naongeza: akiba iliyo bora ni jirani asiyeogopa kubisha mlango wako usiku.