Bustani ya Sultani na Miti ya Kakamega

(Maneno ya hotuba kwa wenyeji wa Kakamega)



Leo nataka kuwaeleza habari za bustani moja iliyo mbali nasi, kisha turudi nyumbani.

Katika mji wa Unguja iko bustani iliyoitwa kwa jina la Victoria. Hapo kwanza haikuwa ya umma. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliitengeneza kwa ajili ya wanawake wa jumba lake, wapate kupumzika pasipo kuonekana. Raia alipita nje tu. Baadaye Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896 hata 1902, aliwapa watu wa mji bustani ile, kuwa ukumbusho wa miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Basi mahali palipokuwa pa mtu mmoja pakawa pa wote.

Bustani ya miti ya Nairobi ilianza kwa sababu nyingine. Mwaka 1907 miti ilipandwa pale ili ijulikane ipi hukua upesi, kwa kuwa magari ya moshi yalihitaji kuni. Haja hiyo imekwisha, lakini miti imebaki, na watu huenda kutembea na kujifunza chini ya vivuli vyake.

Sasa tujitazame sisi. Msitu wetu ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliounganika na ule wa Kongo, wala Kenya haina mwingine kama huo. Serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa.

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa msitu uko karibu hivi, bustani ya nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: msitu hutunza miti, bali bustani hufundisha watu. Mtoto wa mjini aujua mukombero kwa mzizi uuzwao sokoni. Hajauona ukitambaa juu ya miti, wala hajui kwamba uking'olewa wote hauoti tena. Ausikia mwiritsa kuwa ni dawa, na gome lake hutafutwa hata Ulaya kwa ugonjwa wa tezi ya wanaume. Lakini ni nani amwambiaye kwamba mti uliochunwa gome pande zote hufa? Wazee wajuao mambo haya wanapungua, na mzee akifa bila kufundisha, majina mengi huzikwa pamoja naye.

Mjini tunayo bustani ya Muliro, iliyo ya watu wote. Yafaa tupande humo miti ya msitu wetu, na kila mti uwe na kibao chenye jina lake la Kiluhya, la Kiswahili na la wataalamu. Shule zilete miche, na wazee waseme majina. Maua ya kigeni ni mazuri, lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Watu wa Unguja walipewa bustani na Sultani. Sisi hatungoji Sultani.