Ndani ya gari la kale, kutoka Durban kwa barabara ya zamani

Leo nawaalika safarini. Tunaondoka Durban, mji wa bandari wa Afrika Kusini, kuelekea Johannesburg, na tumo ndani ya gari lililoundwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mwenye gari jipya hana la kufikiri. Hushika njia kuu ya N3, hulipa ushuru wa barabara, na siku hiyo hiyo amekwishafika. Gari la kale halina ubavu huo. Shirikisho la kimataifa la magari hayo, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30, lakini mashabiki wengi huyapenda yenye umri mara mbili ya huo. Gari kama hilo likibanwa na malori ya makontena yatokayo bandarini, dereva hapati starehe bali hofu tupu. Ndipo huchepuka na kuishika R103, barabara ya zamani ambayo bado inapita ndani ya miji badala ya kuikwepa.

Mlima huanza mapema. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kimo hicho hulipwa mwanzoni mwa safari. Baada ya Hillcrest na Botha's Hill, Bonde la Vilima Elfu hufunguka pembeni, kilima nyuma ya kilima, hadi macho yachoke. Wakimbiaji wa mbio ndefu za Comrades, zilizoanza 1921, wanaijua njia hii kwa nyayo zao. Dereva wa gari la kale yeye huigawa furaha yake: jicho moja bondeni, jicho la pili kwenye mshale wa joto la injini. Maji yakichemka, huegesha na kungoja. Ole wake anayefungua kifuniko cha rejeta kwa pupa! Mteremkoni nako hutia gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari, kwa sababu breki za zamani zikipata moto hupoteza nguvu.

Wasikilizaji wetu wa Nairobi, mliolelewa na vumbi la Safari Rally tangu 1953, msidhani kwamba huku hakukuwa na mashindano. Kati ya 1913 na 1936 pikipiki zilishindana baina ya Durban na Johannesburg. Hadi miaka yetu hii, wapenzi wa pikipiki zilizoundwa kabla ya 1937 huirudia safari hiyo, ila sasa hawashindani kwa mbio bali kwa kufuata muda uliopangwa.

Wenye magari haya hupenda kuzungumzia enzi njema za usafiri. Mimi hapo husita kidogo, maana barabara hii ina kumbukumbu nyingine. Pietermaritzburg, mji wa kwanza mkubwa njiani, ndipo Mohandas Gandhi, aliyepanda treni Durban, alipotupwa nje ya behewa la daraja la kwanza mnamo Juni 1893, ijapokuwa tiketi alikuwa nayo.

Ukipanda zaidi, karibu na Howick, unafika mahali ambapo gari moja lilisimamishwa Jumapili ya tarehe 5 Agosti 1962. Lilikuwa aina ya Austin Westminster, gari ambalo leo lingepewa nafasi ya mbele katika onyesho lolote la magari ya kale. Lilikuwa linatoka Durban kwenda Johannesburg. Kwenye usukani alikuwa Cecil Williams, mwongozaji wa michezo ya kuigiza, Mzungu. Kando yake alikaa mtu aliyevaa koti la dereva na kujiita David Motsamayi. Huyo alikuwa Nelson Mandela.

Mapema mwaka huo alikuwa ametoka nchini kwa siri, akapitia Mbeya na Dar es Salaam na kukutana na Julius Nyerere, kisha akaendelea katika nchi nyingine za Afrika hadi London. Aliporejea alikwenda Natal kumpa taarifa Chifu Albert Luthuli, rais wa ANC. Sasa alikuwa anarudi. Gari lililojaa polisi likawapita, na mengine mawili yalikuwa nyuma yao. Mandela alisimulia baadaye kwamba aliisokomeza bastola yake na daftari katikati ya viti vya mbele, na polisi hawakuviona.

Litazameni tena lile koti la dereva. Kwa nini alichagua kujificha ndani yake? Kwa sababu katika nchi ile, ambako Mwafrika alilazimika kutembea na pasi hadi sheria hizo zilipofutwa 1986, mtu mweusi ndani ya gari zuri pamoja na Mzungu alihitaji sababu, na sababu iliyokubalika ni kwamba ameajiriwa kuliendesha. Barabara ilikuwa hii hii, na vilima ni hivi hivi. Kufurahia mandhari bila kuulizwa unakwenda wapi ndiko kulikokuwa mali ya wachache.

Tangu 2012 pamesimama hapo nguzo 50 za chuma, kazi ya mchongaji Marco Cianfanelli. Ukiwa karibu huoni ila vyuma vilivyochongoka. Ukirudi nyuma hatua kadhaa na kusimama pahali pake, nguzo hujipanga, na uso wa Mandela hutokea.

Injini nayo imekwishapoa. Mbele yetu kuna Mooi River, Estcourt na Ladysmith, na zaidi ya kilomita 400 hadi Johannesburg. Tuongeze maji, tuondoke.